Jinsi ya Kufuatilia Asili ya Neno la Kiingereza: Mfano wa "Nice"

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "nice" ni kizuri au cha kupendeza, na mara nyingi mambo huishia hapo. Ukitaka kujua neno hili limetoka wapi, anza na matumizi yanayoikataa maana hiyo. Waingereza wakisema "a nice distinction" hawasifu chochote, bali wanataja tofauti ndogo inayohitaji jicho kali. Matumizi ya namna hiyo ni magofu ya maana ya zamani.

Kisha fungua kamusi ya kihistoria, kwa kuwa kamusi ya mfukoni haitakufikisha mbali. Kamusi kuu ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1884 na toleo la kwanza likakamilika mwaka 1928, hupanga maana kwa kufuata umri wake na kuambatisha sentensi zilizonukuliwa pamoja na miaka yake. Zisome sentensi hizo kwa makini kuliko fasili zenyewe, ukianzia na kongwe. Utaona kwamba "nice" lilipoingia katika Kiingereza mnamo mwaka 1300, kutoka Kifaransa cha kale, lilimaanisha mpumbavu. Baadaye likawa la mtu anayedeka na kuchaguachagua, kisha, kwa kuwa mchaguzi ndiye aonaye tofauti ndogo, likawa la jambo lililopimwa kwa uangalifu. Maana ya kupendeza ilienea katika karne ya 18.

Sasa vuka mpaka wa lugha. Kifaransa kililipata neno hilo kutoka Kilatini "nescius", yaani asiyejua, lenye kikanushi "ne" na kitenzi "scire", kujua. Kitenzi hicho ndicho kilichozaa "science", hivyo ujinga na sayansi, jambo linalonichekesha kila mara, ni ndugu wa mzizi mmoja. Thibitisha kwa kutazama lugha nyingine zilizotokana na Kilatini: katika Kihispania, "necio" ni mpumbavu hadi leo.

Jihadhari na hadithi tamu mno. Wapo wanaodai kwamba "news" ni herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya pande nne za dunia, ilhali neno hilo ni wingi wa "new", yaani mambo mapya. Tahajia yake ya zamani, "newes", ingelazimu dunia iwe na mashariki mbili.