Somo: Umechaguliwa vyuo viwili Dodoma, uende kipi? Soma hapa kabla hujaniandikia

Wadau, habari zenu. Kila TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wakitoa majina ya waliochaguliwa, simu yangu inajaa ujumbe uleule: "Kaka, nimepata UDOM na St John's, niende wapi?" Yaani Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo Kikuu cha St John's. Nimejibu hadi nimechoka, kwa hiyo nayaweka yote hapa. Somo hili ni la maisha: utalala wapi, utakula wapi, utacheka na nani. Miaka mitatu si midogo, na mtu asiye na raha hupata sapu (mtihani wa marudio) hata kwenye kozi aliyoipenda.

Hatua ya 1. Hakikisha kozi yako ipo kote na ada unaiweza.

Hatua ya 2. Jua ukubwa wa mahali. UDOM ilianza 2007 pale Chimwaga, na eneo lake ni kama hekta 6,000. Ni mji wa ndaki, yaani vyuo vidogo ndani ya chuo: watu wa CIVE (ndaki ya kompyuta) wana maisha yao, Elimu wana yao, Insia (sanaa na sayansi za jamii) wana yao. Kila aina ya mtu yupo, ila lazima umtafute. St John's nayo ilianza 2007, ipo Kikuyu, kwenye eneo la iliyokuwa Sekondari ya Mazengo, chini ya Kanisa Anglikana. Ni padogo na mjini si mbali. Mwezi ukipita watu wanakuita kwa jina. Kuna anayefurahia hilo, kuna ambaye linambana. Jiulize wewe ni yupi.

Hatua ya 3. Nenda ukakae Jumatano jioni.

Hapa ndipo nilipoharibu. Chuo nilichosoma sitakitaja. Nilikwenda kukiangalia Septemba, wanafunzi wako likizo. Nikakaa chini ya mti, upepo unavuma, kimya, nikasema hapahapa. Rafiki aliyenitembeza alinionyesha bwalo lake na vimbweta vyake (viti na meza za nje za kujisomea), nami nikadhani ndivyo vitakavyokuwa vyangu. Nilipokuja kuanza masomo nikakuta majengo yangu yako upande mwingine kabisa, na kipindi cha mwisho kinaisha saa mbili usiku. Chumba nilichopanga kwa haraka kilikuwa mbali. Muda huo daladala hakuna, ni bodaboda tu, kwa hiyo nikitoka darasani nakwenda kulala. Wenzangu walikuwa wanabaki kujisomea, kupiga soga, kufanya mazoezi ya kwaya, mimi simo. Malaria ilinilaza chumbani siku mbili, na aliyenipeleka zahanati ni mama mwenye nyumba. Darasani hakuna aliyejua nimekosekana.

Kwa hiyo usiende wakati wa likizo, wala siku ya mahafali. Nenda siku ya masomo, ukae mpaka saa tatu usiku. Tembea kwa miguu kutoka madarasa ya ndaki YAKO hadi utakapolala, giza likiwa limeingia. Angalia nani bado yuko nje na anafanya nini. Kama unachokiona ungependa kuwemo, umepata jibu lako.

Hatua ya 4. Uliza maji. Usiulize "maji yapo?", kila mwenye nyumba atasema yapo. Uliza yalitoka lini mara ya mwisho, kisha tazama koridoni. Ukiona madumu ya njano yamepangwa mlango kwa mlango, mengine yamefungwa kamba shingoni, ujue hapo watu wanaishi kwa mgao.

Hatua ya 5. Piga hesabu ya bumu, yaani hela ya mkopo wa wanafunzi. Posho ya chakula na malazi ni Sh10,000 kwa siku kwa anayepata yote. Toa kodi, nauli na milo. Ukipanga Ng'ong'ona utaenda UDOM kwa miguu. Ukipanga ng'ambo ya mji, nauli itakula ile hela ya kutoka na wenzako.

Hatua ya 6. Thibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri ya TCU. Usimpe mtu hiyo namba.

MASWALI

Kijana wa Manyoni: Mkuu, kwa kifupi bora kipi?

Jibu: Hatua ya 2.

Kijana wa Manyoni: Si useme tu jina.

Jibu: Sisemi. Sijui kama unapenda watu wengi au wachache, wewe ndiye unayejua.

Chausiku: Kaka, majina yanatoka wanafunzi wameshafunga. Hiyo Jumatano naipata wapi?

Jibu: Swali zuri sana dada. Aliyemaliza kidato cha sita Mei aende Juni, kabla hawajafunga, hata kama majina bado. Ukichelewa, tafuta mtu wa mwaka wa pili wa kozi yako, umwombe akusimulie Jumatano yake ya mwisho chuoni tangu kipindi kilipoisha mpaka alipolala. Usimuulize "chuo kizuri?" Waulize watatu, wa kike wawepo, maana habari za njia ya usiku wao ndio wanaozijua.

Mwana Mpwapwa: Unawatisha watoto. Mimi nilikwenda wakati wa likizo, nikapenda, na nilisoma kwa raha.

Jibu: Sijamtisha mtu, nimeeleza yaliyonikuta. Wewe ulibahatika, nashukuru, lakini siwezi kumshauri mdogo wangu ategemee bahati.

Binti Kondoa: Mimi ni Mwislamu. St John's ya kanisa nitaishije?

Jibu: Wanapokea wa dini zote, na misikiti mjini ipo, ukiwemo ule mkubwa wa Gaddafi. Lakini tafuta dada Mwislamu anayesoma pale umuulize swala za mchana anaswalia wapi na Ramadhani anafuturu na nani. Akikujibu kwa majina ya watu, utakuwa na wenzako.

Mnyakyusa wa Tukuyu: Nasikia Dodoma joto tu, blanketi niache?

Jibu: Beba. Juni na Julai usiku kuna baridi yenye upepo.

Chausiku: Na mafuta ya mgando, shangazi yangu yuko huko anasema midomo inapasuka.

Jibu: Kweli kabisa, asante dada.

Mnyakyusa wa Tukuyu: Dumu je, nije nalo?

Jibu: Nunua hukuhuku, mawili. Andika jina kwa rangi ya mafuta, ubavuni na kwenye kifuniko, maana vifuniko ndivyo vinavyopotea kwanza.