Darasa la wazee kuandika maisha yao, mnaanzaje?

Jamani kama mtaani kwenu kuna wazee wanashinda barazani kuanzia asubuhi mpaka jua linazama ziwani, waanzishieni darasa la kuandika maisha yao. Sisi huku Kirumba, Mwanza, tumefanya na hela haikutumika ya maana.

Wasizidi nane, maana kila mtu lazima asome alichoandika na wenzake wamsikilize, wakiwa ishirini mtakesha. Siku moja kwa wiki, saa kumi jioni, kauntabuku na peni kila mtu, chai ya rangi na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, basi. Ambaye macho yamechoka au hakusoma, mjukuu amwandikie au arekodi kwa simu.

Sisi tulianza vibaya, tukawaambia andikeni tangu mlipozaliwa. Tukapata mistari mitatu, nimezaliwa Ukerewe, nikasoma, nikaoa, kwisha. Kuna Mmarekani James Birren alikuwa anafundisha haya mambo, yeye alikuwa anatoa mada moja moja, kurasa mbili tu, mfano familia, hela, njia panda za maisha. Na sisi tukabadilisha, tukaweka mezani karabai bovu, ile taa ya kupampu ya kuvulia dagaa usiku. Babu mmoja mvuvi wa dagaa, huyo huyo aliyekuwa anasema hana la kuandika, akalishika pale pa kupampu akaanza, mara usiku wa giza, mara samaki furu walivyokuwa wamejaa kabla sangara hajawamaliza, chai ikapoa na hakuna aliyekumbuka kunywa.

Faida ndiyo hiyo, mzee anapata watu wa kumsikiliza! Tunapenda kusema akirudiarudia ya zamani akili imechoka, kumbe tangu 1963 daktari Robert Butler wa Marekani aliandika kwamba ni kawaida ya uzeeni, mtu anayapitia maisha yake.

Ila misiba msilazimishe. Hapa Mwanza ukitaja tu 21 Mei 1996 watu wananyamaza, meli ya MV Bukoba ilizama na wengi. Bibi mmoja aliandika jina la mwanae akafunga daftari, tukamwacha. Baada ya wiki mbili akasoma mwenyewe kuhusu uji aliokuwa amemfunikia mezani asubuhi ile akimsubiri ashuke melini.

Kwa hiyo mkubaliane siku ya kwanza kabisa, kinachosomwa pale hakiendi kwenye magrupu ya WhatsApp, na daftari kila mtu anarudi nalo kwake.