Kupanga watu wa kituo cha fikra za Kikatoliki chuoni
Anza na mkurugenzi wa kudumu, msomi anayeheshimiwa hata na wahadhiri wasio Wakatoliki. Kwa mfano, Lumen Christi Institute, kituo cha aina hii cha Chicago, Marekani, kilichoanzishwa 1997, kiliongozwa miaka mingi na Thomas Levergood. Kisha unda bodi ya watu 7 au 9, idadi witiri ili kura zisifungane: mhasibu, mwanasheria, maprofesa wa vitivo tofauti. Padre mlezi wa wanafunzi asibebeshwe uendeshaji. Ana Misa, maungamo na wagonjwa.

Usikose mratibu, maana hapo ndipo mambo huharibika. Ndiye anayeomba ukumbi wiki 6 kabla, anayemkatia mgeni tiketi, anayejaribu kipaza sauti na betri ya akiba mkononi. Mlipe mshahara, wa kujitolea hupotea mitihani ikianza.