Jinsi ya kuangalia mambo ya kila siku mpaka yakupe hadithi

Nimekaa na mpwa wangu hapa Mtwara, anaandika hadithi fupi, ukurasa mmoja tu umetula karibia siku nzima. Naweka hapa tulivyofanya maana najua wengi mnakwama palepale.

Hatua ya 1: daftari dogo na penseli

Penseli, sio peni, na simu iache mfukoni. Huku pwani mkono unatoa jasho wino unasambaa, na ukitoa simu pale feri, soko la samaki, watu wanaona unawapiga picha, wanabadilika saa hiyohiyo. Kurekodi sauti ndo sishauri kabisa, watu hawajakuruhusu.

Hatua ya 2: chagua sehemu, kaa

Feri samaki wakishushwa, kivuko cha Msangamkuu, chama cha msingi (ushirika wa wakulima) siku ya kupima korosho. Popote.

Hatua ya 3: fuata mikono

Hapa ndo kuna kazi. Mpwa wangu alikuwa ameandika "mama alibangua korosho kwa shida huku amechoka". Sarufi iko sawa ila huyo mama hatumwoni, anaweza kuwa mama yeyote wa popote. Nikamwambia nenda kwa jirani anayebangua, msalimie, mwombe ukae, halafu angalia mikono tu, uso achana nao kwanza, maana ukianza na uso utaandika "huzuni" na "uchovu" na hayo tayari unayo kichwani kabla hujatoka nyumbani.

Akarudi na haya: anajipaka majivu mikononi kabla hajashika chochote kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, korosho anaiweka juu ya jiwe anaigonga kwa kipimo, akizidisha kidogo hata ya ndani inapasuka na iliyopasuka haina bei kama nzima, kwaiyo zilizopasuka anazitenga kwenye sahani yake, na hizo ndo watoto wanaruhusiwa kula.

Sasa ona hiyo sahani. Kuna mtoto kakaa pembeni anatamani mama yake akosee kugonga, na mama hataki kukosea hata moja. Hujaandika neno shida wala uchovu na msomaji ameshaelewa nyumba nzima. Mi naamini hadithi nyingi za huku zimelala sehemu kama hizo, tunazipita kila siku.

Ila angalia, usimwage kila ulichokiona. Mpwa wangu alitaka kuweka na rangi ya kanga, na kuku, na redio ya jirani, tukabishana sana hapo. Kipimo changu ni kimoja: hicho kitu kinagusa anachokitaka mtu au anachokiogopa? Kama hakigusi kibaki daftarini, kitafaa siku nyingine. Majivu yakabaki kwenye hadithi, sahani nayo ikabaki, redio ikatoka. Na usiandike jina la jirani wala jambo la ndani ya nyumba yake litakalomtambulisha, alikukaribisha kwake kwa wema.

Tena usiangalie mara moja tu. Siku ya kwanza unaona kazi, ukirudi ndo unaona vile anavyoifanya tofauti mtu akiwa amemuudhi.

Hatua ya 4: kagua majira na maji

Watu wanapuuza hii na msomaji wa Mikindani, hapa jirani pwani, anakukamata mapema. Kina mama wanaotafuta pweza miambani wanategemea bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa sana, na bamvua inakuja mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanatoka mbali kweli. Ukiandika nusu mwezi uko juu halafu unampeleka bibi kwenye mwamba wa mbali, hapo ni maji mafu, hayatoki mbali, mwamba bado umefunikwa. Korosho nazo hivyohivyo: salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, inapigwa kuanzia katikati ya mwaka, asubuhi na mapema upepo haujaanza, ila mauzo yanachangamka kuanzia Oktoba. Usimweke baba shambani anapiga salfa halafu jioni yuko mnadani.

Hatua ya 5: msomee anayeifanya hiyo kazi

Soma kwa sauti. Akisema "aa, hapo sivyo" usibishane, muulize inakuwaje, uandike anavyosema, hata kama sentensi yako uliyoipenda inakufa. Jirani aliturekebisha kwenye majivu, anajipaka tena na tena kazi ikiendelea, sio mwanzoni tu, na mpwa wangu amepata pa kumsimamisha mama: mikono imo kwenye majivu, mtoto kaisogelea sahani.