Namna ya Kuchora Ukoo wa Mfalme Priam wa Troy

Anayetaka kuwafundisha vijana wa Kisumu habari za Mfalme Priam asianze na mchoro wa mti wenye baba mmoja na mama mmoja, kwa sababu hautatosha. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki kuhusu vita ambamo Wagiriki waliuzingira mji wa Troy, Priam mwenyewe anasema kwamba alijaliwa wana wa kiume 50, 19 kati yao wakiwa wa tumbo moja, na waliosalia wakazaliwa na wanawake wengine wa jumba lake.

Chora boma. Mtoto aliyekulia katika boma la Kijaluo anajua tayari kwamba nyumba ya mke mkubwa hutazama lango na kwamba simba, yaani vibanda vya vijana wa kiume, hukaa karibu na lango hilo, kwa hiyo hatashangaa kusikia kwamba Priam alikuwa na vyumba 50 vya mawe yaliyosuguliwa kwa wanawe na wake zao, na vingine 12 upande wa pili wa ua kwa binti zake na waume zao.

Kwenye karatasi ya manila, weka nyumba ya Hecuba, mke mkuu wa Priam, juu, kisha uandike chini yake Hector, Paris, Deiphobus, Helenus, Cassandra na Polyxena. Nyumba ya Laothoe, mke mwingine, iwe kando, pamoja na Lycaon na Polydorus. Hapo simama kidogo: Euripides, mwandishi wa kale wa tamthilia za Kigiriki, anamfanya Polydorus kuwa mwana wa Hecuba, na njia ya haki ni kumwunganisha na Hecuba kwa mstari wa nukta, bila kumfuta kwa Laothoe. Arisbe, aliyetangulia kuolewa akamzaa Aesacus, mweke nje ya ua, maana Priam alimwoza kwa mwanamume mwingine, Hyrtacus. Kwa kila jina waulize wanafunzi: huyu ni wa nyumba gani?

Mwisho chora njia itokayo langoni hadi kwenye merikebu za Wagiriki. Ndiyo aliyopita mzee Priam usiku, pamoja na mtumishi wake Idaeus na gari la nyumbu lililojaa fidia, akaibusu mikono ya Achilles, shujaa wa Wagiriki, iliyowaua wanawe ili apewe maiti ya Hector. Alfajiri walirudi kwa njia iyo hiyo, na aliyewaona kwanza ni Cassandra, akiwa juu ngomeni. Mchore hapo, uso wake ukielekea barabarani.