Somo: Kikaango cha chuma cha kusubu, kukitambua na kukirudisha kazini

Wengi mnaviacha vikaango vizito vya mitumba kwa sababu ya kutu. Kutu si kitu. Kinachoua chuma cha kusubu, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ni ufa. Mengine mengi yanatengenezeka. Kwa hiyo kabla hujatoa hela:

1. Sumaku. Isiponata, hiyo ni aluminiamu, hata kama imekuwa nyeusi tii kwa masizi. Ikinata, tazama mpini. Cha kusubu hutoka kwenye kalibu kikiwa kipande kimoja na mpini wake. Ukiona ribiti, kwa kawaida hilo ni bati la chuma.

2. Ufa. Kining'inize kwa tundu la mpini, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti butu. Kagua ukingo na pale mpini unapoanzia. Kisha kiweke mezani ukizungushe: kikizunguka kwa wepesi, kitako kimebinuka.

3. Nembo. Geuza kitako. Wakusanyaji wa Marekani hugombania Griswold za Erie, Pennsylvania (kiwanda kilifungwa 1957) na Wagner za Sidney, Ohio. Hizo za zamani zilisawazishwa ndani baada ya kusubiwa, ndiyo maana ni laini kuliko Lodge nyingi za leo zenye uso wa chengachenga. Lodge wenyewe, wa South Pittsburg, Tennessee, wapo tangu 1896. Namba 8 kwenye mpini si inchi: ni saizi ya tundu la jiko la kuni la enzi hizo, na kikaango chake kina kama inchi 10 na nusu. Mimi nembo hainisumbui sana. Chapati haiijui Erie.

4. Kutu. Siki na maji nusu kwa nusu, dakika 30. Usikilaze humo, kutu ikiisha siki inaanza kula chuma. Sugua kwa waya wa masufuria, suuza, kaushia motoni papo hapo, maana chuma kitupu hushika kutu huku unakitazama.

5. Ngozi ya mafuta, yaani utando mgumu wa mafuta yaliyokaukia motoni, unaozuia kutu na chakula kunata. Kikiwa na joto, paka mafuta ya alizeti kote, mpini na kitako pia. Halafu yafute. Yafute tena kwa kitambaa kikavu, mpaka ukipitisha kidole kisiteleze. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: mafuta yakizidi hayakauki sawasawa, yanabaki ulimbo unaonata. Oveni nyuzi 230 za Selsiasi, kikaango kifudifudi, saa 1, kipoe humo humo. Rudia mara 3 au 4.

Baada ya hapo ni kupika tu. Sabuni kidogo ya kuoshea vyombo haina neno. Usikiloweke, na usikimwagie maji baridi kikiwa cha moto. Ufa huanzia hapo.

MASWALI

– Mkuu, asante kwa somo. Sisi wa jiko la mkaa tusio na oveni je?

Palia moto juu na chini, kama wa mkate wa kumimina. Weka mchanga ndani ya sufuria kubwa, kikaango kifudifudi juu yake, mfuniko, kisha makaa juu. Fanyia nje, moshi wake si wa mchezo.

– Nimepikia mchuzi wa nyanya umekuwa mweusi na unanuka chuma. Nimekiharibu?

Hapana. Nyanya, ukwaju na ndimu hula ngozi ikiwa bado changa. Paka tena, kisha kwa sasa kipe chapati, mayai, samaki wa kukaanga. Mchuzi upike kwenye sufuria.

– Kinanata kama gundi na nimefuata hatua zote.

Mafuta yamezidi. Kirudishe ovenini kitupu saa 1. Kikigoma, sugua uanze upya na mafuta kiduchu.

– Nimepewa cha mvuvi, kilikuwa cha kuyeyushia risasi ya chubwi. Kitasafishika?

Hicho usikipikie kabisa, ndugu. Risasi ni sumu, na jikoni huna njia ya kuhakikisha imetoka yote. Mrudishie mwenyewe akaendelee na chubwi zake.