Uanagenzi wa mawasiliano ya simu England kwa mtu mzima: mshahara, leseni na kazi ya faiba

England haina ukomo wa umri kwa mwanagenzi (apprentice), yaani anayejifunza kazi akiwa ameajiriwa na kulipwa. Mtu wa miaka 38 au 52 anaruhusiwa, mradi ana kibali cha kufanya kazi, hasomi chuo muda wote na, kwa kawaida, ameishi Uingereza miaka 3 iliyotangulia. Aliyekubaliwa rasmi kuwa mkimbizi hasubiri miaka hiyo 3. Scotland, Wales na Ireland Kaskazini zina taratibu zao, kwa hiyo usichukue ushauri wa ndugu aliyeko Glasgow ukautumia Birmingham.

Shahada ya nyumbani haikuzuii, ila lazima mafunzo yakupe ujuzi mpya wa kweli. Wapo wanaoificha shahada au miaka yao ya kuvuta faiba (nyuzi za kioo zinazopitisha mawasiliano kwa mwanga) Nairobi au Dar es Salaam wakidhani watakataliwa. Ni kosa. Kabla ya kuanza hufanyika tathmini ya unachokijua tayari, na ukisema ukweli muda wa mafunzo unaweza kupunguzwa. Ukificha, utarudia usiyoyahitaji kwa mshahara wa chini.

Mshahara ndio unaowaangusha watu wazima kuliko mtihani wowote. Kwa viwango vya Aprili 2026, kima cha chini cha mwanagenzi ni pauni 8.00 kwa saa, wakati mfanyakazi wa kawaida wa miaka 21 na zaidi anastahili pauni 12.71. Kwa wiki ya saa 37.5 hiyo ni pauni 300 dhidi ya pauni 476 hivi, kabla ya makato. Mwenye kodi ya nyumba, watoto na mama anayesubiri fedha kila mwezi kule nyumbani apige hesabu hii kabla ya kutia saini. Kampuni kadhaa kubwa hulipa zaidi ya kima hicho, hivyo linganisha matangazo kwenye tovuti ya serikali ya GOV.UK. Kiwango cha mwanagenzi kwa mtu wa miaka 19 na zaidi kinaruhusiwa mwaka wa kwanza tu. Mwaka ukitimia, sheria inataka ulipwe kima cha umri wako, hata kama mafunzo yanaendelea. Weka alama kwenye kalenda na ukague hati ya mshahara ya mwezi huo. Kadhalika, saa za mafunzo zimo ndani ya saa za kazi na zinalipwa. Msimamizi akikuambia moduli zote uzimalize usiku nyumbani, mwonyeshe mpango wa mafunzo uliosainiwa.

Leseni ishughulikie mapema. Kazi hii ni ya gari dogo la mizigo (van) lenye ngazi juu, na matangazo mengi hutaka leseni kamili ya Uingereza. Leseni ya Kenya, Tanzania au Uganda unaruhusiwa kuitumia miezi 12 tangu uwe mkazi, na haibadilishwi. Utafanya mtihani upya. Aliyepata leseni kwa mtihani katika Falme za Kiarabu yuko pazuri zaidi, maana hiyo hubadilishwa. Mtihani wa nadharia una maswali 50, unapita kwa 43, na sehemu ya kutambua hatari barabarani inataka alama 44 kati ya 75. Cheti cha nadharia hudumu miaka 2. Jifunze kwa gari la gia za mkono, kwa sababu ukipita kwa gari la otomatiki huruhusiwi kuendesha la gia za mkono.

Chagua mwajiri ambaye kazi yake ni faiba. Mtandao wa zamani wa simu za nyaya za shaba umepangiwa kuzimwa ifikapo 31 Januari 2027.

Sasa kazi yenyewe. Uzi wa faiba una kipenyo cha mikroni 125 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), na koti lake la rangi huufikisha mikroni 250. Kuunganisha nyuzi mbili kwa kuyeyusha kuna mpangilio usiobadilika: kwanza ingiza mrija wa kinga kwenye uzi mmoja, kisha menya koti milimita 30 hadi 40, futa kwa spiriti ya isopropili na karatasi isiyoacha vumbi, kata kwa kikatio, peleka moja kwa moja kwenye mashine inayoyeyusha nyuzi kwa cheche ya umeme. Ukisahau mrija utagundua baada ya kuunganisha, na hapo hakuna njia ila kukata na kuanza upya. Usiufute uzi baada ya kuukata. Hapo ndipo uchafu na nyufa huingia. Mkato ukipinda zaidi ya digrii 1, rudia. Kiungo kizuri hupoteza chini ya desibeli 0.1 (kipimo cha upotevu wa mwanga). Cheche ya mashine huathiriwa na joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, basi isawazishe kila asubuhi, hasa majira ya baridi.

Usiamini kumbukumbu yako ya rangi. Mpangilio wa Kimarekani ni buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi na samawati, lakini si kila mtandao unaufuata. Omba chati ya mtandao husika kabla ya kiungo cha kwanza, la sivyo utawaunganisha wateja kwenye milango isiyo yao.

Mteja akilalamika, pima mwanga kabla ya kubadilisha kifaa. Kwenye GPON ya daraja B+ (mtandao ambao uzi mmoja hugawiwa nyumba nyingi), kifaa cha nyumbani husoma mwanga hafifu hadi dBm -27; dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga, na namba ikishuka zaidi mwanga ni hafifu zaidi. Kigawanyishi cha 1 kwa 32, kinachogawa mwanga wa uzi mmoja kwa nyuzi 32, peke yake hula desibeli 17 hivi. Ukisoma -30, safisha konekta (kichwa cha kuchomekea uzi) kwanza. Uchafu ni mkosaji wa mara nyingi. Kisha pima kwa urefu wa mawimbi wa nanomita 1310 na 1550: hasara ikiwa kubwa zaidi kwenye 1550, uzi umekunjwa mahali, pengine nyuma ya kabati au chini ya kibanio. Konekta ya kijani ina uso ulioinama digrii 8. Usiiunganishe na ya buluu, ambayo uso wake haujainama hivyo, zitachubuana. Vipande vya uzi vitie kwenye chupa yenye mfuniko, usile mezani hapo, na usichungulie kamwe ncha ya faiba: mwanga wake hauonekani, lakini unaweza kuumiza jicho.

Nguzo na chemba (mashimo ya ardhini yenye nyaya) ndizo zinazoua. Ngazi isimame kwa uwiano wa 1 kwa 4: ikigusa ukuta mita 4 juu, mguu uwe mita 1 kutoka ukutani. Nguzo yenye alama ya D ina kasoro; haipandwi, hata mteja akisihi vipi. Chemba haishukiwi kabla ya kupima gesi. Oksijeni ya kawaida ni asilimia 20.9, na ikipungua usishuke, ondoka na utoe taarifa. Fundi mzoefu kutoka nyumbani ndiye anayeteleza hapa, kwa kuwa alishashuka chemba mia bila kipimo na hakuna kilichotokea.

Kila jioni hifadhi picha za kiungo kabla na baada, vipimo vya mwanga na sababu ya uamuzi wako, pasipo anwani wala jina la mteja. Tathmini ya mwisho huuliza kwa nini ulifanya ulivyofanya, na miezi 15 baadaye hutakumbuka ile -30 ya Jumanne.